Jirani Hanyimwi Moto

Juzi nilikuwa kijijini Ibighi, uani kwa fundi anayepika chupa za plastiki ndani ya pipa mpaka zitoe mafuta. Mafuta hayo, yanayoshika moto kama petroli, yalikuwa yakidondokea kwenye ndoo. Bibi jirani akaja na kigae kuomba makaa, kama kawaida yake. Akachota chini ya pipa, akageuka kuelekea kwenye ndoo huku upepo ukipeperusha cheche.

“Bibi, simama hapo hapo,” fundi alisema taratibu.

“Unaninyima moto, mwanangu?”

Fundi akavua koti, akafunika ndoo, akasimama mbele ya ndoo kama kipa. “Hapana, bibi. Pita tu.”

“Ndaga,” bibi akashukuru. “Nitarudi jioni.”

Kugeuza chupa kuwa mafuta fundi ameweza. Kushindwa kumkatalia jirani ndiko kutakakotuunguza.