Daktari wa Usingizi na Ng'ombe wa Baba

Cheka tu, maana wodi nzima ya wanaume pale Bariadi ilishacheka, na hata leo kuna watu wakiniona sokoni wananiuliza baba ana ng'ombe wangapi.

Baba yangu ni mzee sana, alianguka zizini kwetu Mwandoya akavunjika nyonga, tukamleta Bariadi apasuliwe. Kabla ya siku yenyewe akaja kijana mmoja, daktari wa usingizi, mtu wa Tanga, akamsalimia mzee "Mwangaluka" (nikajiuliza, huyu Kisukuma kajifunza cha nini?), akaanza: leo siku gani, una watoto wangapi, una mifugo? Masikio yakanisimama. Kwetu idadi ya ng'ombe haisemwi hata kwa shemeji, sasa huyu anayetaka kumlaza mzee fofofo anaitakia nini?

Alipotoka kupokea simu nikamwinamia baba. "Mwambie huna hata mbuzi, na mtoto ni mimi tu."

Baba akaguna. "Mtu anakuja kunitibu, nimdanganye?"

Nikamwambia mjini hapa hujui watu. Basi akajibu nilivyomfundisha, nami nikajiona mjanja kweli.

Kesho yake upasuaji ukaenda salama. Jioni daktari akarudi na maswali yaleyale, na baba, dawa bado zimo kichwani, akafunguka: ng'ombe wanajaza bonde, watoto hawezi kumaliza kuwataja. Daktari akabadilika sura, akaita wenzake, akaniambia taratibu, "Kaka, wazee wengine wakitoka kwenye usingizi akili inayumba. Jana alikuwa sawa. Tunampa rufaa Mwanza wakampime kichwa."

Nikaogopa. Na kidonda kibichi vile, akarushwerushwe njia yote hiyo kwa ajili ya uongo wangu? Ikabidi niseme, mbele ya wagonjwa, wauguzi na shangazi aliyeleta uji, "Daktari, leo ndiyo amesema kweli. Jana nilimfundisha mimi, nilidhani unampeleleza uje utuibie."

Daktari akatikisa kichwa, akasema, "Naulizaga kabla, ili akiamka nijue kama akili yake imerudi yote."

Baba akafumbua jicho moja. "Yangu imerudi. Muulize huyu leo ni siku gani."

Nikaulizwa kweli, na kwa aibu ile nikakosa.

Nimeapa, sitamfundisha tena mgonjwa cha kumwambia daktari. Ila yule kijana alipomuuliza baba hilo bonde liko upande gani, nilikohoa kidogo.