Ijumaa Tuliyoibeba Hadi Roma

Kosa lilikuwa letu sote watatu, mimi, Mama na Baba, na hakuna aliyeliona mpaka tulipofika Roma.

Baba ni karani wa mizigo pale Freezone, eneo la maghala la uwanja wa ndege wa Dubai. Kampuni yao huwapa wafanyakazi tiketi za bei nafuu: kiti kikibaki unapanda, kisipobaki unarudi nyumbani na sanduku lako kama mjinga. Mimi nilitaka kuona uwanja wa mpira. Mama alikuwa na shughuli moja tu.

Nyanya alifariki mwaka uliotangulia. Mama husafisha vyumba kwenye hoteli ndogo ya Muraqqabat, na alipoomba ruhusa ya kwenda kuzika, arbab, yaani bosi wake, alimwambia, "Mwezi ujao, inshallah." Huo mwezi ujao ulipofika, nyanya alikuwa ameshazikwa. Mama aliyasikiliza mazishi kwa simu, amekalia ndoo iliyopinduliwa kwenye stoo ya shuka. Sasa alitaka jina la mamake litajwe kwenye misa kubwa, kanisa limejaa, kwaya inaimba, vile angefanyiwa nyumbani.

"Ijumaa tunaenda misa," alisema tukifunga mizigo. "Jumamosi tunarudi. Jumapili baba yako ana kazi."

Sote tukaitikia. Ukilelewa Dubai ya miaka ile, kanisa ni Ijumaa. Ndiyo siku ya mapumziko, ya kwaya na ya viatu vinavyobana. Jumapili ni siku ya hesabu na mwalimu aliyeamka vibaya.

Basi Ijumaa hiyo Mama alivaa kitenge alichokishonesha kwa ajili ya safari, akafunga kilemba. Mimi njia nzima nilikuwa nawasema Warumi.

"Hawa hawana mkandarasi? Kila kitu kimebomoka. Dubai hapa pangekuwa mall zamani."

"Nyamaza, wewe," Mama akasema, lakini Baba alicheka.

Kwenye kanisa kubwa tulikuta foleni ya kofia na kamera. Ndani, watu walitazama dari midomo wazi. Kama kuna aliyekuwa anasali, mimi sikumwona. Baba akamwuliza mlinzi, kwa Kiingereza chake cha kazini, misa kubwa ni saa ngapi.

Mlinzi alimtazama Mama kuanzia kilemba hadi viatu. "Ni Jumapili," akasema polepole. "Leo ni Ijumaa."

Tukatazamana.

"Yesu wangu," Mama akasema. "Jumapili."

Nilikuwa na mzaha mzuri sana tayari ulimini. Nikaona jinsi anavyoshika ncha ya kitenge, nikaumeza.

"Tubadilishe ndege?" Baba akauliza.

"Na kazi yako?"

Baba akarudi kwa mlinzi, wakaongea kwa mikono zaidi kuliko mdomo, naye akatuelekeza kanisa dogo la mtaa wa nyuma. Huko kulikuwa na misa jioni.

Hakukuwa na kwaya. Kulikuwa na padre mwenye kikohozi na bibi wachache waliokuja na mifuko ya mboga. Hatukuelewa neno, lakini misa ni misa. Tulijua pa kusimama na pa kupiga magoti. Ilipofika saa ya maombi, wale bibi wakaanza kutaja watu wao, mmoja mmoja, na wengine wakaitikia.

Mama alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Sema wewe," akaninong'oneza. "Wewe huna haya."

Nikasimama. Nikalitaja jina la nyanya lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ileile inayonifukuzishaga darasani. Bibi wote wakageuka kunitazama. Nikadhani nimeharibu. Halafu aliyekuwa mbele akaitikia, na wengine wakafuata, maneno yaleyale waliyowaitikia wafu wao.

Mama akaketi, akalia. Tangu ile simu sikuwa nimemwona akilia. Baba alimpa leso, naye akafuta kamasi zake mwenyewe kwa mkono, maana leso ilikuwa moja.

Jumapili nilikuwa shule, Baba Freezone, Mama akitandika vitanda vya wageni. Kengele ya mapumziko ilipolia nikapiga hesabu ya saa: kule Roma kwaya ndiyo inaanza.

"Vipi leo, huna utani?" mwenzangu wa dawati akauliza.

Nikamwambia kesho nitamtafutia.