Nilisema Narudia, Mama Akasikia Narudi

Jamani, leo nimesomewa dua ya kuhitimu uinjinia, na mtihani nimefeli!

Juzi nilimpigia mama simu: "Mama, narudia mwaka."

Mtandao wa kijijini kwetu Bungu mnaujua. Yeye akasikia, "Narudi mwaka huu." Yaani nimemaliza!

Leo nafika nyumbani, mikeka imetandikwa, pilau linanukia, ustadhi keshakaa.

"Injinia wangu!" Mama kanikumbatia mbele ya majirani wote.

Nikamnong'oneza: "Mama, nilisema narudia. Somo la umeme nimefeli tena."

Mikono yake haikuniachia.

Kisha akageuka, sauti inakwaruza: "Soma tu, ustadhi. Hata dua hurudiwa."

Nimeitikia amina huku nalia.

Na kwenye pilau, nyama kubwa kaniwekea mimi.

Hebu niambieni, nyinyi mngeimeza?