Vidole vya Mama na Sindano Isiyogusa

Likizo ile nilimkuta mama kibarazani kwetu Itaka, ungo wa kahawa mapajani, anachambua. Macho yalikuwa yanatazama njiani, vidole vikifanya kazi peke yake: punje nzima huku, iliyotobolewa na wadudu kule. Nikaketi karibu naye, nikamwambia kazi yangu ya ughaibuni ni hiyohiyo.

Nilimweleza kwamba tuna sindano iliyochongwa mpaka ncha yake haionekani. Tunaipitisha juu ya kipande cha metali, karibu mno lakini bila kugusa, na umeme kidogo unaovuka pale katikati unatuambia wapi pana mwinuko na wapi pana shimo. Ila sindano haijui kama mwinuko ule ni shaba au ni nikeli. Kwa hiyo tunapamulika palepale kwa eksirei kali, inayotoka kwenye mtambo wa mviringo mkubwa kuliko uwanja wa mpira, na kila metali huitikia kwa namna yake.

"Kumbe sindano inapapasa, mwanga unauliza jina," mama akasema.

Sijawahi kusikia mtu akieleza vizuri kuliko hapo. Niliporudi kazini kila mhadhara wangu ulianza na mama na ungo wake. Watu walipiga makofi, nami nikavimba kichwa. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini mama hakuwa anautazama ungo.

Aliyejiuliza ni mdogo wangu, muuza vitenge wa Tunduma, ambaye tumefanana naye mno, hata walimu walikuwa wakituchanganya. Alinipigia simu. Mama anajikwaa kizingitini, anamimina chai nje ya kikombe, na hospitali ya macho Mbeya hataki kwenda mpaka niwepo mimi niliyesoma, niongee na madaktari.

"Mwambie aende na mimi, dada. Wewe akikusikia atakubali."

Neno langu moja lingetosha. Sikulisema. Tulikuwa tumeomba siku za kuutumia mtambo ule wa eksirei kwa muda mrefu, tukapewa sita, na zilikuwa bado miezi minne. Nilitaka vyote: siku zangu, na sifa ya kuwa mimi ndiye niliyempeleka mama. Nikasema wasubiri nije. Mama akachukua simu, akasema, "Kazi kwanza, mwanangu. Macho yenyewe hayaumi."

Siku zile sita zilikwenda vizuri. Niliviona visiwa vidogo vya nikeli juu ya shaba, vimejitenga wazi, nikalia kwa furaha. Kilio kile naona aibu kukikumbuka.

Nilipompeleka Mbeya, daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula polepole, na angewahi kuletwa wangeokoa kiasi. Kilichokwishapotea hakirudi. Nilimkasirikia daktari, nikamkasirikia mdogo wangu, mwisho nikabaki na wa kumkasirikia mmoja tu, mimi.

Mwaka uliofuata nilirudi Itaka bila kutoa taarifa. Mama alikuwa palepale kibarazani, bila ungo. Nilipiga magoti mbele yake, lakini hakungoja nimsalimie. Akanishika uso. Vidole vikapita kwenye paji, pua, kidevu, vikarudi juu vikaanza upya.

"Huyu ni mkubwa," akauliza, "au ni mdogo?"