Kadi ya Njano

Mimi ni mwoga wa sindano. Nasema mapema ili msije mkanitafutia sababu nyingine yenye heshima. Mwanangu nilimpeleka kliniki kila tarehe, nikamshika miguu huku akilia, na wenzangu wa Kariakoo walioruka tarehe za watoto wao niliwasema mpaka wakawa wananikwepa. Ilipofika zamu yangu, nilinunua mhuri.

Nauza vitenge. Wateja wangu wengi wanatoka Kongo, na mwaka ule niliamua kuwafuata mwenyewe Lubumbashi. Mpakani wanataka kadi ya njano, ile ya kuonyesha umechanjwa homa ya manjano. Mama mmoja jirani yangu wa dukani, anayeshughulikia safari za wafanyabiashara, alinicheka niliposema nitafunga duka niende kuchanjwa.

"Shoga, sindano ya nini tena? Nipe pasi yako tu, jioni kadi unayo."

Jioni kadi ikaja kweli, ina jina langu, tarehe na mhuri. Nilimshukuru kama aliyenitoa jela.

Niliuza vizuri, nikarudi salama. Siku ya nne homa ikanikamata. Kichwa kiligonga, mgongo ukakaza. Asubuhi nikijiangalia kwenye kioo niliona weupe wa macho umeingia unjano. Nikazima taa, nikaiwasha tena. Macho yalikuwa yale yale.

Mume wangu alitupeleka kituo cha afya kwa bajaji, mtoto kampakata kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Ni mtu mwangalifu, alibeba hadi mfuko wa nyaraka zangu. Daktari, mwanamke wa makamo, aliposikia nimetoka Kongo akaweka kalamu chini.

"Ulichanjwa homa ya manjano kabla ya kuondoka?"

Sijafungua mdomo, mume wangu keshatoa kadi. "Amechanjwa, daktari. Mke wangu kwenye mambo ya chanjo hana mchezo."

Daktari akaisoma, akarudi kwenye karatasi yake. "Basi hiyo tunaiondoa. Tuangalie malaria."

Nilitamani kunyamaza, sitawaficha. Huenda ni malaria tu, nikajiambia, kwa nini nijivue nguo mbele za watu? Lakini nikawaza wale mbu wa mchana wa kwetu Buguruni, ndio wanaoeneza homa ya manjano, wanaozaliana kwenye ndoo za maji mlangoni. Waniume mimi, kisha wamuume mtoto. Wavuke ukuta waende kwa wapangaji wenzetu, vyumba sita, vyote vina watoto. Mtoto akanyoosha mikono, anataka kuja kwangu, na mimi nikaogopa kumpokea.

"Sijachanjwa," nikasema. "Kadi nilinunua."

Daktari hakunigombeza. Aliifunga ile kadi, akaisogeza kando. "Mama, mbu hasomi kadi," akasema taratibu, kisha akamwita nesi. Nilitolewa damu ya kupima malaria, na nyingine ya kupelekwa maabara kubwa. Nikaambiwa nitalazwa, nikae ndani ya chandarua hadi majibu yote yatoke. Mimi mwoga wa sindano, siku ile sikuisikia hata ilipoingia.

Kitanda kikiandaliwa, tulisubiri kwenye benchi la ukumbini. Mume wangu alikaa mwisho wa benchi, mtoto akiwa katikati yetu. Nilimweleza habari ya duka, haraka ya safari, yule jirani. Nikaongea mno, kama afanyavyo mtu mwenye kosa. Yeye alikuwa anatazama sakafu.

Nesi akatoka na karatasi. Malaria imeonekana, akasema, ya kutosha kueleza hata unjano wa macho, ila ile damu nyingine bado tunaisubiri. Siku chache baadaye nayo ilikuja safi, lakini saa ile sikujua. Nilijua malaria tu, nikaifurahia malaria kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Umesikia?" nikamwambia mume wangu. "Ni malaria!"

Alikuwa amempandisha mtoto shati hadi begani, mkono wa kulia, anapapasa ngozi kwa kidole gumba, anatafuta kovu la chanjo ya kuzaliwa.

"Lipo," nikasema. "Nilimpeleka mwenyewe. Wallahi nilimpeleka."

"Naliona," akasema.

Lakini kidole hakukiondoa.