Masikio Yangu Yalikuwa Kabatini

Bibi yangu alipokuwa anakata roho alisema kitu. Midomo niliiona ikicheza, mkono wake umenishika shingo, na mimi sikusikia hata neno. Tulikuwa wawili tu mle ndani. Kifaa changu cha kusikia kilikuwa shuleni, kwenye kabati la mwalimu mkuu, ufunguo mfukoni mwake.

Nimeyakumbuka haya juzi, ndugu yangu. Nesi mmoja mjini Singida kanivalisha kifaa kingine, mvi zimeshaniota. Nikarudi kijijini kwetu, mbele ya Mtinko kule, nikamkuta jirani anapepeta uwele. Shaa, shaa. Nikakaa chini nikalia. Bibi alipepeta miaka yote nikicheza miguuni pake, pumba zimenijaa kichwani, kumbe ungo una sauti!

Masikio niliharibiwa na homa nikiwa mdogo. Homa sina ugomvi nayo. Wakaja madaktari wageni shuleni, wakanipa kifaa. Mwalimu mkuu akakichukua, eti nitakiharibu. Kikawa kinatoka wakija wageni tu. Nasimamishwa mbele nimevaa, watu wanapiga makofi, kichwa kinataka kupasuka. Gari likiondoka, navuliwa.

Siku moja ya wageni bibi akaja, kavaa kanga yake ya kanisani.

"Wewe baba, masikio ya mjukuu wangu unayatunza kama sahani za wageni?"

"Bibi, kwako kuku watakidonoa."

"Kuku wangu wana akili kukuzidi!"

Walimu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nilisikia. Sauti nene, ina mkwaruzo. Ndiyo sauti ya bibi niliyonayo, nyingine sina.

Nesi kanieleza kwamba kifaa hakiponyi sikio, kinakuza sauti, na kinakuza zote: upepo, bati, jogoo. Ukivaa kila siku unazoea, unaanza kuzitenganisha. Kila siku, siyo siku ya wageni.

Ungo wa bibi ulishaliwa na mchwa. Nyumba yake imebaki tuta la udongo, watu wamepanda alizeti juu yake. Lakini mwalimu mkuu yupo, ana duka pale njiani, kila anayepita anamwamkia shikamoo. Hata mimi nilikuwa namwamkia.

Sasa, mwalimu, toka nje ya duka lako useme mbele ya watu: kwa nini ulinifungia masikio yangu? Wala usipaze sauti. Nitakusikia.