Tuta la Tove Bundgaard

Tove Bundgaard aliwakata nywele watu wa kisiwa kile karibu miaka arobaini, na siku alipofunga saluni hakuwa na nia ya kumwokoa kiumbe yeyote. Aliingia katika chama cha kulinda hifadhi ya pwani kwa sababu Holger, mwenyekiti, alimwambia wamekosa mtu wa kupika kahawa. Alipika kahawa kiangazi cha kwanza. Kiangazi cha pili alikuwa akiwafokea watalii wa Kijerumani wenye mbwa, na Villy, mumewe, akajua kwamba mke ndiye huyo, amekwenda.

Waliomchukua ni membe: ndege weupe, wepesi, wanaotaga juu ya mchanga mtupu mbele ya bahari kana kwamba dunia haina meno. Mbweha aliwathibitishia kwamba inayo. Mwaka ule hakubaki kinda hata mmoja, na masika yaliyofuata zilirudi jozi chache mno.

"Tukiwapoteza na hawa, basi tena," Tove alimwambia Holger. "Tutabaki kulinda kokoto."

"Kokoto hazina mbweha," Holger akasema. "Tutapumzika."

Chama kikafanya kazi mbili, na zote zilikuwa nzuri. Ya kwanza ilikuwa uzio wa waya kuzunguka viota, mguu wake ukafukiwa chini ili mbweha asichimbe. Upande wa nchi kavu waliweka lango, lifunguliwe maji yakipanda, kwa kuwa makinda hujua kukimbia kabla ya kujua kuruka. Lilifungukia nje, lisije likamponda kinda aliyejificha nyuma yake. Walilifikiria kila jambo.

Ya pili ilikuwa ya Tove mwenyewe. Kila Januari kisiwa kizima hutupa miti yake ya Krismasi. Tove aliikusanya nyumba kwa nyumba na mkokoteni, akailaza mahali ambapo dhoruba zilikuwa zimelila tuta la mchanga la ufukweni, inase mchanga unaopeperushwa, tuta liote upya. Masika uzio uliposimamishwa, miti ilikuwa nyuma yake tu.

"Wetu uko wapi?" Villy aliuliza siku moja alipomletea mkate wa shayiri.

"Ule pale, mkabala na lango."

"Umeupa nafasi nzuri kuliko ya mama yangu makaburini."

"Mama yako hakuwahi kunasa mchanga, Villy."

Mayai yalianguliwa mwezi wa Juni. Tove alizoea kulala kifudifudi na darubini, akiwatazama makinda wakikimbia kama pamba iliyotoroka, na jioni alimsimulia Villy habari zao kwa kirefu, jambo ambalo hakulifanya kwa wajukuu.

Kisha upepo wa magharibi ukavuma siku mbili, moto wa sherehe ya kiangazi ukaahirishwa, na asubuhi ya bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, Holger akapiga simu. "Njoo ufukweni. Sasa hivi."

Alipofika, mawimbi yalikuwa yameshaingia chini ya uzio, na membe wakubwa walikuwa juu wakipiga kelele. Holger alikuwa ameshika lango kwa mikono miwili.

"Vuta, bwana!"

"Navuta! Halitoki!"

Tove akatazama chini. Mchanga ulikuwa umelifukia lango hadi kiunoni, laini, mpya, umelala juu ya matawi kama shuka iliyonyooshwa. Miti ilikuwa imefanya kazi yake.

Holger aliona kile alichokiona Tove. Alikuwa mstaarabu, akachimba kwa mikono. Sepetu ilikuwa kwenye kibanda cha kahawa.

Tove akapanda uzio, akachana suruali, akaangukia ndani. Kinda wa membe akiogopa hulala bapa na kufanana na mchanga. Ni kinga nzuri dhidi ya kila kitu isipokuwa maji. Alitambaa kwa magoti akipapasa, akiogopa kumkanyaga anayemtafuta, akapata mmoja, akamtia kifuani ndani ya sweta. Wimbi lililofuata lilifika mapajani.

"Toka humo, Tove!"

"Bado wako hapa!"

"Hawako tena. Toka."

Aliyekuwa kifuani alifia njiani kuelekea kwenye gari.

Mwezi wa Septemba wakaja wageni kutoka halmashauri kuliona tuta. Lilikuwa limepanda hadi juu ya kichwa cha mtu, na nyasi zimeanza kushika. Wakasema wangependa pwani nyingine ziige. Wakauliza wazo lilikuwa la nani.

"La Tove," akasema Holger, na papo hapo akatamani angesema ni lake yeye.

Wakamsimamisha mbele ya tuta kwa picha. "Cheka kidogo, mama!" akasema mpiga picha.

Mei iliyofuata membe walikuja, wakazunguka mara mbili bila kutua, wakaendelea kaskazini. Tove aliwatazama hadi wakaisha machoni. Kisha akapiga magoti, akaendelea kupanda nyasi, maana tuta lilikuwa likihitaji nyasi.